Mzigo Huu Una Mwenyewe

Tarehe 4 Machi

Mjukuu wangu,

Nina miaka themanini na nane. Nimezika wake wawili, meno yangu yote, na serikali moja iliyosema itakaa milele. Magoti yananiuma, hasira ni nzima. Nyie huko wazima? Kifua cha mama yako kimepoa?

Mwalimu jirani amenifasiria karatasi uliyotuma. Eti umeikuta kwenye hifadhi ya nyaraka, eti ndio mchezo wetu sisi wapagazi wa stesheni, na Jumamosi ya tarehe 30 wanafunzi wako wataucheza hivyohivyo, kwa lugha ya Bwana Mkubwa, yule mkoloni wa stesheni, jina langu limebandikwa ukutani. Na mwishoni mpagazi anapiga magoti kumshukuru Bwana kwa kumfundisha kusema.

Kusema nilifundishwa na mama yangu.

Ile ilikuwa karatasi ya kuombea kibali. Bwana Mkubwa alikaa hapa miaka kumi na miwili bila kujua hata kuomba maji kwa lugha yetu, halafu akataka kila mchezo uandikwe kwanza kwa lugha yake ndipo agonge muhuri. Karani wa mizigo akamwandikia anachopenda kusikia. Mchezo wenyewe ulikuwa vinywani mwetu, na mchezaji mkuu nilikuwa mimi. Kwa sauti hakuna aliyenifikia mpaka leo. Nilipiga magoti, ndiyo. Nikatua sanduku, nikasema: "Mzigo huu una mwenyewe. Aubebe." Bohari zima tulimochezea likasimama. Bwana Mkubwa, kidole kwenye karatasi yake, akapiga makofi. Kando yake alikaa mkalimani wake, mtu ambaye sijampa mkono tangu mwaka ule.

Chana hiyo takataka.

Babu yako


Tarehe 11 Machi

Babu, shikamoo.

Sisi wazima, mama anakohoa kidogo tu. Umetumia dawa ya magoti, au umeificha tena chini ya godoro?

Babu, karatasi ina muhuri, tarehe na sahihi ya karani. Wewe una hadithi. Na marehemu bibi alikuwa akisema hata siku ya harusi yenu kila mwaka unaisimulia na mvua tofauti. Nikisimama mbele ya wakuu wa chuo niseme "babu kasema", watanicheka. Wanafunzi wameshakariri. Niletee shahidi mmoja aliye hai, asiwe mpambe wako, nami nitaichana mbele ya darasa zima.

Mjukuu wako


Tarehe 22 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mama yako mpe pole. Dawa naitumia, usinipeleleze.

Nimekaa kimya kwa ubishi, si kwa ugonjwa. Shahidi nilijua alipo. Miguu ndiyo iligoma.

Siku ya pili baada ya mchezo, wapagazi wote wa stesheni walitua masanduku ya Bwana Mkubwa chini, wakasema maneno yangu. Hapo akaelewa bila kufasiriwa. Mkalimani akacharazwa, akataja majina yetu. Mimi nilivunja kokoto miaka miwili. Karani aliingia gerezani kwa miguu, akatoka kwa machela, amefunikwa. Na wewe unataka maiti amshukuru aliyemuua, kwa sahihi yake mwenyewe.

Jana nilikwenda kwa huyo mkalimani. Anaishi nyuma ya mashine ya kusaga, macho hayaoni tena. Nikasema, "Ni mimi."

"Najua. Bado unatembea kama unalipwa kwa kelele."

"Ulitutaja."

"Niliwataja. Ndilo lililokuleta?"

"Nimeletwa na mjukuu. Siku ile nilisema nini?"

Akayasema maneno yangu yote bila kukosea, ingawa kwa sauti mbovu. Kisha akaongeza jambo nisilolijua. Bwana Mkubwa, kabla ya kupiga makofi, alimgeukia akauliza, "Amesema nini?" Naye akajibu, "Anashukuru, Bwana."

"Katika kazi yangu," akaniambia, "nimefasiri uongo mara moja tu. Ndiyo ninayojivunia."

Sikumpa mkono. Sijamsamehe na usinibembeleze. Lakini uje kabla ya Jumamosi ya mchezo, na hao wakuu wako wa kucheka uje nao. Ulizeni nyumba ya mkalimani. Mimi hanipendi, nami simpendi; huyo ndiye shahidi wangu.

Babu yako