Droo Anazofungua Hermínio

Zulmira mdogo wangu, Hermínio anafungua droo. Mume wangu tuliyemzika Februari, kila siku saa sita mchana anafungua droo moja ya nyumba hii, na mimi ndiye ninayezifunga.

Nisamehe kukuangushia hilo kabla ya salamu. Hujambo? Goti linaendeleaje na baridi ya huko kisiwani Terceira? Sisi huku Tulare tu wazima. Mwanangu Albano anakamua ng'ombe na mguu wake ule mbovu, halalamiki. Na binti yangu Graça, uwaambie wanawake wa kanisani, sasa ni wakili kamili. Jina lake liko kwenye kioo cha mlango kwa herufi za dhahabu, nami nilikwenda kulipangusa kwa kitambaa changu, watu wakiona.

Graça ndiye aliyetukalisha mwaka jana. Alimweleza baba yake kwamba wosia husubiri mtu afe, kisha hupitia mahakamani, na huko unaweza kulala mwaka mzima. Amana ni kama kapu: unaitia nyumba ukiwa hai, kapu unalishika mwenyewe, ukifa linamfikia mtoto bila hakimu. Hermínio alicheka, akasema wosia hautaki, hakimu hajawahi kukamua hata mbuzi, atajuaje nyumba inamstahili nani. Alitaka Albano aipate, nami nikae humo mpaka nife. Valdemar, mwanawe wa mke wa kwanza aliye Las Vegas, angeiuza kesho.

Basi amana ikasainiwa. Ila nyumba haiingii kapuni bila hati mpya. Hermínio aliisaini mbele ya mthibitishaji wa saini, akanipa niipeleke kwa msajili wa ardhi. Nikamwambia nimeipeleka.

Alipokufa, Graça alikwenda kwa msajili asikute kitu. Akaniuliza niliikabidhi dirisha gani. Nikamwambia kwa msichana mwenye miwani. Sasa nyumba ni ya marehemu, wosia hakuna, na Valdemar ameandika kudai fungu lake. Albano ameanza kuulizia kazi ya kukamua kwa watu. Graça anasema karatasi ile yenye saini ya baba ikipatikana, hata leo, nyumba ataipigania na atashinda.

Droo zilianza wiki ileile barua ya Valdemar ilipofika. Kwanza za chumbani, kisha za korido, moja moja kwa mpangilio, kama alivyokuwa akipita kwa ng'ombe wake bila kuruka hata mmoja. Albano akasema ni panya. Nikamuuliza panya gani huyo anayekunja soksi za baba yako na kuziweka kando. Hapo hunuka maziwa mabichi, na sakafu huwa baridi mchana kweupe, joto la huku ulijuavyo. Jana ilikuwa droo ya visu. Ikabaki moja.

Zulmira, hati iko humo, chini ya vitambaa alivyodarizi mama. Sikuipeleka. Nilikaa garini mbele ya ofisi ya msajili, nikamkumbuka mama alivyompa kaka yetu nyumba akiwa hai, na Krismasi ikamkuta mama analala chumba cha mahindi. Nikageuza gari. Mume wangu amekufa akiniita mwanamke wa kutegemewa.

Leo saa sita niliketi mbele ya droo hiyo. Ilitoka nje kiasi cha kidole, ikasimama. Nilingoja mpaka jasho likanikauka. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa akitafuta. Alijua tangu mwanzo. Kwa zile nyingine alikuwa akinipa muda. Hii aliniachia mimi. Nikaivuta mwenyewe, nikaitoa karatasi, na hewa ya chumba ikapata joto.

Nimewaita wote, hata Valdemar. Nitampa Graça hati mbele yao, nami nitasema nilichofanya kwa kinywa changu, hata Albano akinichukia. Wasalimie shemeji na watoto, niombee, na siku hiyo ukae karibu na simu. Wanakuja Jumapili ya Pentekoste, mara baada ya misa.

Dada yako,
Deolinda