Kikao cha Kuchagua Intaneti ya Banda la Maziwa, Rukurini

(Karatasi hii ya juu haikusomwa kikaoni. Nimeibandika baada ya sahihi kuwekwa.)

Kwako wewe utakayekuwa katibu baada yangu,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Siku kikao hiki kilipofanyika nilikuwa nimeomba kazi ya kusoma habari redioni. Ni ile redio ya Meru mjini, ambayo Mzee Naftaly huifungua kila siku saa moja jioni na majirani wote wakasikia, wapende wasipende. Nilikuwa nimewatumia sauti yangu nikisoma bei za ndizi za soko la Gakoromone, wakanijibu kwamba nitajaribiwa Alhamisi jioni, kwa intaneti, nikisoma moja kwa moja mtu akinisikiliza.

Mimi ndiye yule ambaye shuleni nikiulizwa swali, mwalimu alikuwa akija mpaka kwenye dawati langu ndipo asikie jibu. Kwa hivyo unaelewa kwa nini nilinyamaza.

Jioni moja kabla ya kikao nilijizoeza na mama mmoja wa redio hiyo, yule ambaye angenijaribu, kwa kutumia kile kijisanduku chenye taa ambacho kampuni ya intaneti ya mlingoti ilituachia bandani ili tujaribu. Alisikia "Habari za" kisha hakusikia kitu kingine. Alisema hayo maneno mawili yalikuwa mazuri.

Soma sasa kumbukumbu ukijua hilo.

KIKUNDI CHA MAZIWA CHA RUKURINI, KANYAKINE

Kumbukumbu za kikao cha kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, katika banda la maziwa, kuanzia saa kumi jioni

WALIOHUDHURIA
Mzee Naftaly Kaburu – Mwenyekiti
Mama Cicily Kinya – Mweka hazina
Mwalimu Kaimenyi (mstaafu) – Mwanachama
Bw. Mutwiri – Mjumbe wa vijana
Bw. Kailemia – Mwanachama (alihudhuria akiwa amekaa nje ya mlango)
Kiende – Katibu

ALIYEKOSA
Bi. Marcella – alituma ujumbe kwamba ng'ombe wake anazaa. Mwenyekiti alitaka iandikwe kwamba ng'ombe huyo amekuwa akizaa tangu Desemba.

KUMB. NA. 1/2/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mama Cicily aliomba. Aliwaombea wagonjwa, mifugo, walio ndani na waliokataa kuingia. Bw. Kailemia aliitikia amina kutoka nje kwa sauti ya kutosha.

Mwenyekiti alimkaribisha katibu mpya, Kiende, anayechukua nafasi ya katibu aliyeolewa Embu. Alieleza kwamba alichaguliwa kwa sababu ya mwandiko mzuri na kwa sababu hana maneno. "Katibu mzuri ni yule asiyesikika," alisema.

Katibu alisoma ajenda. Mwenyekiti alimwomba aongeze sauti. Katibu aliongeza. Mwalimu Kaimenyi alisema hakuna kilichoongezeka. Ajenda ilisomwa upya na Bw. Mutwiri.

KUMB. NA. 2/2/2025: YALIYOTOKANA NA KIKAO KILICHOPITA

Wajumbe walikumbushwa kwamba mnunuzi wa maziwa anataka uzito wa kila mkulima utumwe kwa intaneti kila siku. Kwa sasa Bw. Mutwiri hupanda juu ya tangi la maziwa ili simu yake ipate mtandao, na mweka hazina hapendi viatu vyake pale.

Ilikumbukwa pia kwamba intaneti ya sahani ya setilaiti ilikwisha kuondolewa. Sahani ilihitaji mahali pasipo na mti, na kila mjumbe alikuwa tayari mti wa jirani ukatwe. Zilibaki mbili: ya mlingoti, inayorushwa hewani kutoka kilimani, na ya waya, ambayo tayari imefika nyumbani kwa Bw. Kailemia.

KUMB. NA. 3/2/2025: RIPOTI YA MAJARIBIO

Bw. Mutwiri aliripoti kwamba alizijaribu zote mbili alfajiri, wakati wa kupokea maziwa. Alifungua vidio ileile ya ng'ombe wa ng'ambo akiingia kwenye mashine ya kukamulia. Kwa waya, ng'ombe alitembea vizuri. Kwa mlingoti, ng'ombe alitembea vizuri vilevile.

Mwalimu Kaimenyi aliuliza kwa nini majaribio yalifanywa alfajiri peke yake. Mwenyekiti alieleza kwamba hapa Rukurini kila kitu hupimwa alfajiri. "Maziwa yakipita kwa kipimo saa kumi na moja asubuhi, hayo yamepita. Umeona nani akipima jioni?"

Wajumbe walikubaliana na hoja hiyo. Mama Cicily aliongeza kwamba hata mchumba wake, ambaye sasa ni mume wake, baba yake alimpima alfajiri kwa kumpa jembe.

KUMB. NA. 4/2/2025: KUCHAGUA INTANETI

Mwenyekiti alipendekeza ya mlingoti. Alitoa sababu kwamba ni ya bei nafuu na haihitaji kupita kwa mtu. Alisema maneno ya mwisho akiangalia mlango.

Kwa faida ya atakayesoma: waya ukitoka kwa Bw. Kailemia kuja bandani lazima upite juu ya mparachichi ulio mpakani mwake na mwenyekiti. Mwaka jana tawi la mti huo liliingia upande wa mwenyekiti na kuzizibia kabichi zake jua, naye akalikata. Bw. Kailemia husema lilikuwa limebeba matunda. Tangu hapo wawili hao hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Katika kikao hiki mtu wa tatu alikuwa katibu.

"Kiende, mwambie mtu aliye mlangoni kwamba kikundi hakitaki waya wake."

Katibu alimwambia. Bw. Kailemia hakusikia, kwa sababu mashine ya kupoza maziwa ilikuwa ikinguruma. Katibu alirudia. Bw. Kailemia alishika sikio. Katibu alirudia kwa sauti.

"Ala! Kumbe unaweza," alisema Bw. Kailemia. "Mwambie waya si wangu, ni wa kampuni. Changu ni mti, ule uliobaki."

"Mwambie tawi liliingia kwangu bila kubisha hodi."

"Mwambie tawi halina mkono wa kubisha. Yeye alikuwa na mdomo wa kuniita, mbona hakuniita?"

"Mwambie nilimwita."

"Mwambie aliita mbwa wake. Mbwa wake anaitwa Simba, mimi naitwa Kailemia."

Katibu alifikisha yote kama yalivyosemwa. Mwalimu Kaimenyi alisema katibu ameanza kuyafikisha na ukali wake, akamwomba apunguze. Mama Cicily alipinga. "Mwacheni mtoto wa watu. Tangu azaliwe leo ndiyo nimemsikia bila kumwinamia."

Mwenyekiti alisema muda unakwenda na habari za saa moja hazimngoji mtu, akataka wanaounga mkono mlingoti wainue mikono. Mwenyekiti, Bw. Mutwiri na Mama Cicily waliinua. Mwalimu Kaimenyi aliinua nusu.

Hapo katibu, ambaye bado alikuwa amesimama katikati ya mlango, alisema: "Jioni haifanyi kazi."

Mwenyekiti aliuliza, "Hayo ni ya Kailemia?"

Bw. Kailemia alisema kutoka nje kwamba si yake, yeye hajafungua mdomo.

Katibu alisema ni yake mwenyewe.

Mwenyekiti alimwomba katibu arudie, na katibu alirudia. Alieleza kwamba intaneti ya mlingoti ni kama bomba moja la maji la kijiji. Alfajiri walioamka ni sisi na ng'ombe, kwa hivyo maji yanatoka kwa nguvu. Jioni kila mtu kutoka hapa mpaka Kanyakine amerudi nyumbani na anakinga ndoo yake kwenye bomba lilelile. Ya waya hata jioni haipungui hivyo, Bw. Mutwiri anaweza kujaribu sasa hivi.

Mwenyekiti aliuliza katibu amejuaje. Katibu alisema amejaribu. Alipoulizwa alikuwa akijaribu nini, alisema alikuwa akijaribu.

Mwalimu Kaimenyi alisimama na kusema sasa ameelewa jambo. Jumatano jioni alikuja bandani kuhudhuria mkutano wa matanga ya shemeji yake kwa mtandao. Jamaa wote waliinamisha vichwa, naye akafunga macho akasali nao kwa muda mrefu sana. Alipofungua macho walikuwa bado wameinama. Alirudi nyumbani akimsifia mkewe ukoo wake kwa uchaji Mungu, kumbe walikuwa wameganda.

Iliazimiwa kwamba jaribio lifanywe papo hapo. Saa kumi na mbili ilikuwa imepita. Bw. Mutwiri alifungua vidio ileile kwa kijisanduku cha mlingoti. Ng'ombe alitokea, akaja, akainua mguu wa mbele ili aingie kwenye mashine. Hakuushusha.

Wajumbe walingoja. Mama Cicily alisema huyo atachoka. Mwalimu Kaimenyi alitoka nje kidogo kwa haja zake, akarudi, akakuta mguu bado uko juu. Bw. Mutwiri alisema mechi ya kesho jioni ingekuwa hivyo hivyo, mpira hewani mpaka Jumatatu, akaomba iandikwe kwamba ameshusha mkono wake wa kuunga mkono mlingoti. Mama Cicily alishusha wake pia. Nusu ya Mwalimu ilikuwa imeshuka zamani.

Ili jaribio liwe la haki, wajumbe walikwenda kwenye ua wa Bw. Kailemia, ambako waya wake unafika. Ng'ombe aliinua mguu, akaushusha, akaingia, akakamuliwa mpaka mwisho. Mwenyekiti hakwenda uani. Hata hivyo alionekana amesimama juu ya mtungi wa maziwa, akichungulia.

KUMB. NA. 5/2/2025: NJIA YA WAYA

Wajumbe waliporudi, mwenyekiti alikiri kwamba waya una nguvu. Alisema tatizo lililobaki ni mti, na ruhusa ya mwenye mti.

"Kiende," alisema, "mwambie mtu aliye mlangoni..."

Katibu alisema, "Mwambie mwenyewe, mzee. Mimi naandika."

Mama Cicily aliinamisha uso kwenye leso. Mwalimu Kaimenyi aliangalia dari. Mashine ya kupoza maziwa ilizimika yenyewe, kama inavyofanya maziwa yakishapoa, na banda likawa kimya kabisa.

"Kailemia," alisema mwenyekiti.

"Naam."

"Maparachichi ya mwaka huu yamekuwaje?"

"Mengi. Mengine yanaanguka kwako. Hujayaona?"

"Nimeyaona. Mimi huyarusha yarudi kwako."

"Kumbe ni wewe! Nilikuwa nadhani ni tumbili."

Bw. Mutwiri alicheka na kuonywa. Mwenyekiti alisema angependa waya upite juu ya mti huo, ikiwa mwenyewe haoni vibaya. Bw. Kailemia alisema haoni vibaya, mradi aulizwe, na sasa ameulizwa. Aliongeza kwamba yanayoanguka upande wa pili yasirushwe, yaliwe, kwa sababu yakirudi hupasuka.

Iliazimiwa kwamba:
(a) Kikundi kichukue intaneti ya waya.
(b) Bw. Kailemia ampigie fundi simu ili aje Jumanne.
(c) Tawi lolote likizuia waya, likatwe mbele ya wazee wote wawili, kila mmoja akishika upande wake.
(d) Kuanzia sasa kitu chochote kitakachonunuliwa kipimwe alfajiri na jioni. Mwenyekiti alisema hili halihusu maziwa. Bw. Kailemia alisema maziwa ya Bi. Marcella ndiyo yangefaa kupimwa mara mbili. Hilo liliachwa mpaka ng'ombe wake azae.

Bw. Kailemia alialikwa ndani. Aliingia na kiti chake.

KUMB. NA. 6/2/2025: MENGINEYO

Katibu aliomba akae na ufunguo wa banda Alhamisi jioni. Mwenyekiti aliuliza ni wa kazi gani. Katibu alisema kuna mambo ya kusoma. Mwenyekiti aliuliza mambo gani, na kama hayasomeki nyumbani.

Mama Cicily alisema, "Mpeni msichana ufunguo. Amewasemea nyinyi wawili jioni nzima, hamjamuuliza koo lake likoje."

Ufunguo ulitolewa.

KUMB. NA. 7/2/2025: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe na kuondoka kwa haraka kuwahi redio. Bw. Kailemia alifuatana naye, kwa kuwa njia ni moja. Mwalimu Kaimenyi alifunga kwa sala, macho wazi. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi jioni.

Zimethibitishwa kuwa sahihi:

Mwenyekiti: Naftaly Kaburu (sahihi)
Katibu: Kiende (sahihi)

(Karatasi hii ya chini pia haikusomwa.)

Fundi alikuja Jumanne. Alhamisi nilijifungia humu bandani nikasoma, na yule mama wa redioni akasikia kila neno. Nilisoma kana kwamba Bw. Kailemia yuko nje ya mlango na mashine inanguruma.

Walinichukua. Jioni, baada ya habari kubwa, mimi husoma bei za sokoni kwa waya huu, nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha karibu na tangi. Niliwaomba wasitaje jina langu kwa sasa, wakakubali. Mzee Naftaly husikiliza akiwa kwake, hapo tu ng'ambo ya kabichi, na bei zikianza mimi humsikia akiongeza sauti ya redio.

Siku hizi Bw. Kailemia huenda kusikiliza naye. Juzi, nikiwa nafunga banda, niliwasikia wakizungumza. Mzee alikuwa akisema yule msichana wa mjini anasoma vizuri, anasikika mpaka jikoni, si kama wengine tunaowajua. Jambo moja tu linamshangaza: kila akisoma, nyuma yake kuna ng'ombe analia. Alisema hajui siku hizi watu wa mjini wanafugia wapi.

Tafadhali usimwambie.