Chebet na Maoni ya Wenzake

Alhamisi.

Bado namwonea huruma Chebet. Leo nilimsomea maoni ya mafundi wenzake hapa kwetu tunaposhona yunifomu za shule, akaanza kulia.

"Madam, huyu anasema ninasaidia, huyu anasema ninaingilia. Nimwamini nani?"

Niliogopa ataacha kazi. Nikamuuliza huwa anasaidia vipi. Akasema akiona mtu amekwama, anamchukulia kitambaa na kumshonea.

"Basi wote wanasema ukweli," nikamwambia. "Una moyo mzuri, Chebet. Lakini uliza kwanza, ndio ushike."

Akapangusa macho, akacheka.

Jioni tukifunga, akaniambia, "Madam, nikubebee mkoba?" Kabla sijajibu, alikuwa ashaufikisha mlangoni.

Sijui nitamfanya nini huyu msichana. Lakini leo ameuliza.