Mtoto wa Jirani Anasomea Jikoni

Jumapili, Lukozi. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na haujataka kuondoka. Kesho binti yangu Zuhura anatakiwa kurudi bwenini, na mimi nimeamka na hasira nisiyojua niielekeze wapi.

Niandike tu ukweli. Namwonea wivu Mama Eliana.

Ni jirani yangu, tumetenganishwa na shamba la kabichi tu. Binti yake ni rika la Zuhura wangu, miaka tisa. Mwaka juzi alimtoa Eliana shuleni akaanza kumfundisha mwenyewe nyumbani. Watu walisema sana, na mimi nikiwemo. Nilisema anamfungia mtoto ndani, anaringa kwa sababu aliwahi kufundisha chekechea kule Bumbuli.

Kumbe nilikitaka alicho nacho.

Mimi nafungua duka la pembejeo mapema, maana wakulima wanataka mbegu na dawa kabla hawajaenda shamba. Baba Zuhura yuko barabarani na lori la mboga. Bweni lilionekana jibu zuri. Lakini likizo hii Zuhura amekuwa akinipa shikamoo amesimama wima, kama anamsalimu mwalimu wa zamu. Juzi akaniomba ruhusa ya kwenda chooni.

Nyumbani kwao.

Nikimwacha tu, anakimbilia kwa Mama Eliana. Jana mchana nilifunga duka nikamfuata. Niliwakuta jikoni wakimenya viazi na kujifunza hesabu za sehemu: Eliana anakata robo, Zuhura anakata thumuni, wote wanacheka. Mama Eliana alikuwa amemshika mwanangu mkono, anamwonyesha namna ya kushika kisu asijikate.

Ule mkono ulipaswa kuwa wangu. Nikaropoka, hata salamu sikutoa:

"Hivi mwenzangu, unajiona unaweza kuliko walimu wote?"

Hakukasirika. Aliwatuma watoto wakachume mboga nyuma ya nyumba, kisha akakaa.

"Siwezi, Mama Zuhura. Hesabu za mbele zinanitoa jasho. Ila Eliana ana pumu. Asubuhi moja ya ukungu alibanwa akiwa njiani kwenda shule, wenzake wakadhani anatania. Bodaboda mmoja ndiye aliyemwokota. Tangu siku ile, akitoka peke yake asubuhi, mimi ndiye ninayekosa pumzi."

Nyumba ya pili tu, na sikujua.

"Na unajua mimi namwonea wivu nani?" akaendelea. "Wewe. Zuhura ana marafiki, wana majina yao ya utani, wana ugomvi wao. Wangu kutwa nzima ananisikia mimi. Ukimrudisha mwenzake bwenini, atalia wiki nzima."

Mtu mwema angempa pole. Mimi, kwa dakika chache, nilisikia raha kwamba naye ana kidonda chake. Nimeliandika hili ili nisijidanganye baadaye. Pole niliitoa, lakini ilichelewa, na nadhani aliona.

Tulipokuwa tunarudi Zuhura akaniuliza, "Mama, wewe huwezi kunifundisha nyumbani?"

Nikamweleza habari za duka. Akasema, "Sawa, Mama," kwa adabu ile ile ya bwenini. Nilitamani abishe. Nilitamani anune, apige miguu chini kama mtoto aliye kwa mama yake.

Leo baada ya chakula nimempigia baba yake.

"Mtoto akishazoea bweni usimyumbishe," akasema.

"Hajazoea. Amenyamaza tu."

Nikasikia akizima injini ya lori. Kisha akasema, "Basi amua wewe uliye naye. Nitakuunga mkono."

Nimeamua. Kumfundisha mwenyewe siwezi, sina muda na sina subira ya Mama Eliana. Kesho tutakwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya hapa kijijini kuomba nafasi. Nimevuka shamba la kabichi kumuuliza Mama Eliana kama atakaa na Zuhura mchana akitoka shule, mpaka nifunge duka. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Nilipomwambia Zuhura, jambo la kwanza aliloniuliza ni hili: "Kwa hiyo kila siku nitakuwa kwa Mama Eliana?"

Uso ukamng'aa. Si kwa ajili yangu.

Wivu haujaniisha, na sijui kama utaisha. Lakini mchana akicheka kule, jioni atakuja kulala huku, kwangu. Nitaanzia hapo.