Vidonge Yenye Nilikana

Jumatano, Naviundu

"Si yangu." Nilisema hivyo mbele ya bamama ba kanisa, na haya haijaniacha.

Tangu pillage, wakati watu baliiba maduka, farmasi ni moja tu yenye iko wazi. Docteur aliniandikia vidonge ya kuzuia mimba juu ya kutuliza maumivu ya endometriose, ugonjwa ya kizazi. Muuzaji akauliza kwa sauti: "Hii ya kuzuia mimba iko ya nani?" Bamama ba kanisa benye balikuwa kwenye mustari bakageuka. Tumbo ilikuwa inanikata, lakini nilikana, nikatoka.

Nyumbani nikadanganya Faustin, bwana yangu, eti farmasi imefungwa. Akaona vile najikunja, akavaa viatu, akabeba karatasi ya docteur, akatoka, na masasi ya bunduki ilikuwa inalia.

Alirudi na vidonge. "Nilibaambia bote kwenye farmasi ni ya bibi yangu, iko mugonjwa."

Nimemeza. Maumivu inapunguka. Hakuniuliza kwa nini nilisema farmasi imefungwa.