Sauti ya Ayeeyo na Kitabu cha Programu

Abti,

Nakuandikia, mjomba wangu, nikiwa kwenye chumba chako cha kurekodi, hapa Waberi. Tangu tukuzike, kompyuta yako nilikuwa naifuta vumbi tu. Leo nimelazimika kuiwasha. Ijumaa dada yangu Shukri anaolewa, na Mama anataka arusini isikike buraanbur ya Ayeeyo, yale mashairi ya wanawake mama yenu aliyoghani kule Hadado kabla hajafariki. Unakumbuka? Wewe mwanamume ulibaki nyuma ya pazia na mashine ya kanda, mimi nikapita katikati ya wanawake na maikrofoni, nikikanyaga miguu ya watu.

Kanda ile tulirekodia arusi nyingine juu yake, kama kawaida yetu, kwa kuwa ulishaiingiza kwenye kompyuta. Sasa Ayeeyo yumo humu tu. Na kila nikijaribu kuunganisha vipande vya wimbo wake, kompyuta inasema nafasi imekwisha, nifute kitu. Fundi wako yuko Nairobi, na mvua hii ya El Nino imekata barabara.

Binamu yangu Dahir ameshinda hapa akinihimiza. "Futa hizo faili hazina jina! Bonyesa tu, wallahi. Kwani hii ni ngamia, itakubiga teke?" Nikacheka, kidole kiko juu ya kitufe. Halafu nikaogopa. Nikakusikia kabisa, ukiniita kwa jina lile lile ninalokuita: "Bole bole, abti. Soma kwansa."

Basi nimesoma. Kile kitabu kinene cha programu, ulichokuwa ukinisomea na kamusi mapajani huku mimi nasinzia. Kinasema vipande vya wimbo huchotwa kwenye faili za sauti, na faili ukiifuta kwenye diski hairudi tena. Nikafuata ukurasa unaoeleza jinsi ya kujua faili inatumika wapi. Moja ya zile zisizo na jina ilikuwa Ayeeyo. Sauti yake yote, Abti! Nilitoka nje nikatapika.

Nimefuta majaribio ya ngoma peke yake, baada ya kuyasikiliza. Buraanbur iko kwenye kanda, na Mama yuko chumba cha pili analia na kucheka.

Lakini hofu haijaniacha. Nimefungua faili zote nikikutafuta. Maarusi wa Waberi wamo, hata mbuzi wa jirani yumo. Lakini wewe humo. Ulikuwa ukitunyamazisha wote ili urekodi watu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuelekezea maikrofoni. Nimeanza kusahau ulivyokuwa ukicheka. Hilo kitabu hakisemi nifanyeje.

Allah akurehemu. Sitafuta kitu ambacho sijakisoma, nakuahidi. Na kesho, inshallah, nitamkalisha Mama hapa nimrekodi, aseme chochote anachotaka, hata akinigombeza.

Kwaheri, Abti.

Mtoto wa dada yako,
Halima