Moraa amekataa kufuta %Z

Kemunto, siamini. Moraa amembishia bosi mbele ya ofisi nzima, na visa yake ya kazi iko mikononi mwa huyo huyo bosi.

Miezi miwili ameandika maelezo ya zile alama za zamani za kernel, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, kama %Z, zinazoiambia kompyuta ichapishe namba vipi. Leo bosi akasema, "Futa hayo maelezo. Hakuna anayezitumia hizo alama."

Moraa akazitafuta ndani ya kernel kwenye skrini, sote tukiangalia. Faili kumi na tisa bado zinazitumia.

"Bado nasema futa," bosi akasema.

"Sifuti." Yaani alisema sifuti. Akayatuma maelezo yake kwa wasimamizi wa kernel, kwa jina lake mwenyewe.

Jioni hii wameyakubali. Bosi akaja kuomba nakala. Moraa akamwambia, "Yako wazi mtandaoni kwa kila mtu. Kasome huko."